Pimeni Tope Kabla ya Kutuhukumu

Risala ya wakulima na wafugaji wa Janga, Kibaha, pamoja na majirani zetu wa upande wa Kisarawe, kwa Mgeni Rasmi, kuhusu tope linaloingia Mto Ruvu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa desturi risala huanza na shukrani ndefu na idadi ya madarasa, zahanati na visima. Utuwie radhi, hizo tumemwachia Mtendaji wa Kata, anazo kwenye faili. Sisi tumekuja na jambo moja, nalo ni tope. Kila masika, maji ya Ruvu na ya vijito vinavyoshukia huko yakishaiva rangi ya udongo, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mwenye jembe na wa pili ni mwenye ng'ombe. Hadi leo hatujaonyeshwa karatasi hata moja yenye kipimo kinachosema tope lile limetoka wapi: shambani, machungani, ukingoni mwa mto, barabarani au kwenye mashimo ya mchanga. Tumehukumiwa, ushahidi haujaletwa. Tunadai tope lipimwe.

Tuanze na hasara, maana pengine inadhaniwa tope linaumiza wa mjini tu. Maji ya Ruvu yanasukumwa kutoka mitambo ya Ruvu Juu hapa Mlandizi na Ruvu Chini kule Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni tano. Kule maji yakichafuka, mtambo una dawa na matangi ya kutulizia. Huku mama anachota kijitoni, anaacha ndoo usiku kucha, asubuhi chini kuna tope zito kama uji. Mwenye hela ananunua shabu; asiye nayo anatwanga mbegu za mlonge, anakoroga, anasubiri. Lambo la kunyweshea mifugo linapungua kina mwaka hadi mwaka, mpaka ng'ombe wanazama magotini kabla ya kuyafikia maji. Na shamba nalo, ule udongo wa juu wenye rutuba ndio unaotangulia kuondoka. Mihogo inabaki imesimama juu ya mchanga mweupe, mizizi nje. Hakuna mkulima mwenye akili timamu anayefurahia udongo wake kwenda baharini, kwa hiyo tunaposikia tukiitwa waharibifu tunashangaa: tunaharibu ili tupate nini?

Mheshimiwa, hatupingi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda vyanzo. Malalamiko yetu ni namna mita hizo zinavyopimwa. Bustani ya mchicha inafyekwa kwa amri ya siku moja, bila kigingi na bila mtu mwenye futi. Ng'ombe wanakamatwa. Lakini tipa la mchanga linapita palepale ukingoni, mchana kweupe, likiwa na risiti ya ushuru mkononi mwa dereva. Novemba 2021, kina cha Ruvu kiliposhuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, sisi wa bondeni ndio tulioonekana chanzo. Mvua zilipokuja kupita kiasi na mto ukavunja kingo, chanzo tukawa sisi tena. Kiangazi tumekausha, masika tumejaza! Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Na humu ndani tumefarakana. Mkulima anasema ni kwato: mifugo inakanyaga njia ileile kwenda lamboni mpaka njia inakuwa mfereji. Mfugaji anasema ni jembe: mkulima anafyeka, anachoma, anaacha ardhi uchi mvua za vuli zikianza. Wote wawili wanamgeukia mchoma mkaa, naye anasema magunia yote yanakwenda mjini kwa watu walewale wanaolalamikia maji machafu. Maneno haya yamefika baraza la kata na mengine polisi. Risala hii tumeiandika pamoja, wakulima na wafugaji, baada ya kugundua kwamba kila mmoja wetu ana hakika na hakuna hata mmoja mwenye kipimo.

Kumbe kipimo kipo. Wataalamu wa ardhi duniani wamekuwa wakitafuta asili ya mashapo ya mito kwa miongo kadhaa sasa, na jinsi wanavyofanya si siri. Wanachukua udongo kutoka kila aina ya eneo linaloweza kuchangia: mashamba, malisho, msitu, kuta za makorongo, kingo za mto, barabara za vumbi. Halafu wanachukua tope lenyewe mtoni. Pande zote mbili zinachekechwa kubakiza chembe laini, zile zinazosafiri mbali na maji, kisha zinapimwa maabara. Kila udongo una mchanganyiko wake wa madini na elementi, chuma kiasi hiki, titani kiasi kile, na tope la mtoni ni mseto wa hizo zote. Hesabu inafanywa kurudi nyuma, kuona ni mgawanyo gani wa vyanzo unaoweza kuzaa mseto ule.

Kuna pia njia ya kutofautisha udongo wa juu na udongo wa chini. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalirusha sizi-137, ikashuka na mvua dunia nzima na kung'ang'ania chembe za mfinyanzi kwenye sentimita chache za juu. Ukuta wa korongo, ambao ni udongo wa chini, karibu hauna. Huku kwetu ilianguka kidogo kuliko Ulaya, na kila miaka 30 hivi inapungua nusu, kwa hiyo wataalamu hutumia pia risasi-210, ambayo ni ya asili na inaendelea kushuka kutoka hewani hata leo. Maana yake kwa Janga ni kubwa. Tope likikutwa lina alama ya udongo wa juu, basi mashamba na malisho yetu yamehusika, na tutakubali. Likikutwa halina, basi limechimbuka chini: makorongo, kingo zinazobomoka, mitaro ya barabara, mashimo. Kumfukuza mwenye mchicha hakutatibu ugonjwa huo.

Njia ya tatu ndiyo tunayoiona inafaa zaidi kutuamua mkulima na mfugaji, ingawa ina mpaka wake. Mimea haifanani namna inavyokamata hewa ya ukaa. Mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za malisho ya ukanda wa joto ina namna yake. Mihogo, mikorosho, miembe, kunde na miti ya porini ina nyingine. Tofauti hiyo inabaki katika uwiano wa kaboni nzito na kaboni nyepesi ndani ya asidi za mafuta za mmea. Asidi hizo zinanasa kwenye chembe za udongo, na chembe ikisombwa zinakwenda nayo mpaka mtoni. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kwa ushirikiano na FAO, limekuwa likifundisha njia hii kwa nchi wanachama, na nchi yetu ni mwanachama. Shida ni kwamba shamba la mahindi na machunga ya nyasi vinaweza kufanana kwa kaboni, kama mihogo na pori vinavyoweza kufanana. Kwa hiyo mtaalamu akija na njia moja tu mkononi, atarudi na jibu nusu, na hilo nusu ndilo litakalotumika kumwondoa mtu. Tunataka njia zote tatu zitumike pamoja.

Hapa kwetu nchini jambo hili limeshafanyika. Ziwa Manyara limekuwa likijaa udongo, na kule pia lawama zilikuwa nyingi kuliko vipimo. Watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, wakiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji, walichukua mashapo ya mito inayoingia ziwani na ya ziwa lenyewe, wakayalinganisha. Mto Makuyuni, mmoja tu kati ya mito yote ile, ulionekana ndio mchangiaji mkubwa kuliko mingine. Mtu akijua hivyo anajua aanzie wapi. Kazi yao iliyopewa jina la Jali Ardhi ilikwenda mbali zaidi, wakakaa na jamii za wafugaji wa Monduli kuzungumzia makorongo na nini kifanyike, badala ya kuwaandikia notisi. Tunauliza: lililowezekana Monduli linashindikanaje Kibaha, kilomita chache kutoka mto unaonywesha jiji kubwa kuliko yote nchini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaogopa pia kitu kingine, kwamba jibu rahisi litakuwa kupandisha lawama milimani kwa Waluguru. Ruvu inazaliwa Uluguru, kweli, na milima ile inamomonyoka. Februari 23, 1970, mvua ya saa chache huko Mgeta iliporomosha ardhi mahali zaidi ya 1,000. Timu ya vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, akiwemo mtafiti Anders Rapp, ilikwenda ikahesabu, ikakuta maporomoko karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi, msituni machache mno. Hicho ni kipimo, na tunakiheshimu. Lakini Waluguru hao hao walikuwa wameshaonja amri isiyo na mazungumzo. Mpango wa matumizi ya ardhi wa wakoloni ulianza mwaka 1950 na ukawalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kazi ya suluba kwenye udongo ambao mahali pengi haukufaa kwa matuta ya aina ile. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukafa naye. Baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine kwenye milima ileile: watumiaji wa maji wa mjini wachangie, mkulima wa mlimani alipwe kwa kuhifadhi mteremko wake. Sisi hatuna kinyongo na wakulima hao wa mlimani kwa kulipwa. Tunasema tu kwamba vijito vinavyotoka Kibaha na Kisarawe navyo vinaingia Ruvu, na kama kipimo kitaonyesha sehemu fulani ya tope inatoka huku, basi na fungu la kuhifadhi lifike huku, lisiishie Morogoro huku sisi tukifikiwa na migambo peke yao.

Tuna haraka, na sababu yake ni Kidunda. Bwawa linalojengwa kule Morogoro Vijijini litahifadhi maji ya Ruvu kwa ajili ya kiangazi, na tunalitaka likamilike. Ila bwawa lolote hunasa mashapo ya juu yake. Likishaanza kujaa, tope tutakaloliona huku chini halitakuwa lile la zamani: sehemu ya milimani itabaki bwawani, na itakayofika Mlandizi itakuwa ya vijito vya chini ya bwawa na ya kingo zenyewe, kwa kuwa maji yaliyotua tope lake huwa na nguvu ya ziada ya kula ukingo. Hapo ndipo mtu atakapotazama takwimu na kusema: mnaona, asilimia ya watu wa Kibaha imepanda! Itakuwa imepanda kwenye karatasi tu, kwa sababu wenzao wametolewa kwenye hesabu. Kipimo cha kwanza lazima kichukuliwe kabla ya bwawa kuanza kujaa, ili kuwe na cha kulinganisha.

Sasa madai.

Dai letu kubwa linahusu orodha ya vyanzo, nasi tunaomba hapa usikilize kwa makini kwa sababu ndipo mtu anapoweza kuonewa kwa kalamu ya kitaalamu. Hesabu hizi zina tabia moja: zinagawa asilimia 100 kwa vyanzo vilivyopelekwa maabara, si kwa vyanzo vyote vilivyopo. Mtafiti akichukua udongo wa mashamba na malisho peke yake, mashimo ya mchanga hayatapata hata asilimia moja. Sehemu yake tutabebeshwa sisi, na ripoti itakuwa safi, yenye michoro ya rangi. Kwa hiyo orodha isitungwe ofisini. Iletwe mkutano mkuu wa kijiji, sisi tutaje mahali, mtaalamu aseme kinachopimika. Tunataka humo kuwemo mashimo ya mchanga na kokoto, matanuri ya matofali, njia za ng'ombe, maeneo yaliyochomwa mkaa, viwanja vilivyosafishwa kwa greda vikaachwa wazi, maeneo ya ujenzi mkubwa ulioingia wilaya hii miaka ya karibuni, na barabara za vumbi na mitaro yake.

Kuhusu mitaro tungependa ukitoka hapa upite uone. Lipo kalavati moja kwenye barabara yetu ya vumbi, limejengwa vizuri kabisa, zege imara. Maji yote ya mteremko yanakusanywa na mtaro wa kulia, yanapita chini ya barabara, yanatemwa upande wa pili kwenye shamba la mtu. Hakuna mawe ya kuyapunguza kasi, hakuna mfereji wa kuyapeleka mahali. Mwaka wa kwanza palikuwa na shimo la kutosha kutumbukia jembe. Leo ni korongo, mtoto wa darasa la kwanza akisimama ndani huoni kichwa chake, na mkorosho mmoja umeshaanguka mizizi juu. Kutoka pale tope linashuka moja kwa moja hadi kijitoni. Mwenye shamba ameitwa mara ngapi kuelezwa juu ya kilimo hifadhi! Amepanda matete, amepanga magunia ya mchanga, mvua ikayapitia juu. Barabara ile ipimwe kama shamba linavyopimwa, na tunadai ujenzi wowote wa kalavati uende pamoja na njia ya kutulizia maji yake.

Dai la pili ni kwamba tushiriki kupima. Mtego wa mashapo unaotumika sana duniani ni bomba la plastiki la kawaida, upana wa kama inchi nne, urefu wa mita moja, limezibwa pande mbili na kuachiwa tundu la milimita nne la kuingizia maji na jingine la kutolea. Maji yakiingia ndani yanapunguza mwendo, tope linatua. Fundi bomba wa Mlandizi analitengeneza asubuhi moja. Vijana wetu wataifunga mitego kwenye nguzo, wataikagua baada ya kila mvua kubwa, na wataandika tarehe, na wao ndio wanaojua mahali ambapo mto hauwezi kuing'oa. Maabara zipo ndani ya nchi: chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, Tume ya Nguvu za Atomiki Arusha. Ofisi yako inaweza kuziandikia.

Kipimo cha mgawanyo hakitoshi peke yake. Kinasema nusu imetoka kule, robo kule. Hakisemi nusu ya tani ngapi. Kwa hiyo kwenye daraja la barabara ya Morogoro, pamoja na kina cha maji, tope nalo lipimwe msimu mzima, hasa siku za mafuriko, siku ambazo mto unabeba mzigo mwingi kuliko miezi mizima ya kiangazi.

Matokeo tuyapate, kwa Kiswahili, yabandikwe ofisi za vijiji na kusomwa mkutanoni kabla hayajafikishwa kwenye warsha yoyote ya hotelini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi jibu ndani ya siku 30 akiomba. Tutaomba kwa maandishi, na tutatunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Wakati kipimo kikiendelea, tunadai operesheni za kufyeka bustani na kukamata mifugo zisimame mpaka mita 60 ziwekwe vigingi vinavyoonekana, pande zote za mto, kwa kila mtu, tipa likiwemo. Nasi kwa upande wetu tunafunga ahadi mbele yako. Ndani ya vigingi hivyo hakutalimwa tena, tutapanda matete, mianzi na miti, tukipewa miche na msimu mmoja wa kuvuna kilichopo ardhini. Wafugaji wamekubali njia mbili tu za kushukia majini badala ya kila mtu kujikatia yake, na wanaomba birika la kunyweshea nje ya ukingo ili ng'ombe wasiingie mtoni kabisa. Na kipimo kikisema sehemu kubwa ya tope ni ya mashamba yetu, hatutakitilia shaka kwa kuwa kimetuumiza. Tutataka afisa ugani, kwani aliyepo anahudumia eneo asiloweza kulizunguka kwa pikipiki moja isiyo na mafuta.

Masika huanza Machi. Mitego ikiwekwa baada ya mvua za kwanza, tope la kwanza, ambalo ndilo zito, litakuwa limeshapita, na tutakuwa tumesubiri mwaka mzima mwingine. Tunaomba jibu la maandishi kuhusu orodha ya vyanzo na mitego kabla ya Februari kwisha, kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, nakala kwa viongozi wa wakulima na wa wafugaji waliotia saini kwenye ukurasa ulioambatishwa.

Tunaomba kuwasilisha.